Kuosha vioo kwa mpini wa maji Malindi: anza na kipimo, mpini baadaye

Kazi ninayoieleza hapa ni ile ya kusimama chini, ukainua mpini mrefu wenye brashi kichwani, maji yakapanda kwenye mpira hadi kwenye brashi, ukasugua kioo cha ghorofani, ukakisuuza na kuondoka. Hupandi ngazi wala hupangusi. Kioo hukauka chenyewe. Siri yote iko kwenye maji: yasipokuwa na kitu ndani yake, yakikauka hayaachi kitu.

Vijana wengi wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza kwanza habari za mpini. Uwe futi ngapi, uwe wa kaboni au wa nini, na unauzwa wapi. Nami nilianza hivyo hivyo, na nikaumia. Hapa Malindi maji ndiyo yanayokupa kazi au kukunyima, basi shilingi yako ya kwanza iende kwenye maji.

Hatua ya 1: Nunua kipimo cha TDS

Ni kidude kama kalamu nene, unakichovya kwenye kikombe kinakupa namba. Hupima chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji kwa kizio cha ppm, ambacho ni sawa na miligramu kwa lita. Ukitafuta vizuri utakipata chini ya shilingi 2,000. Kwa vioo unataka kisome 0. Hadi 10 kazi inakwenda. Ukipita hapo, hasa kwenye vioo vyeusi vilivyopigwa na jua, madoa huanza kuonekana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba moja upande wa Casuarina, vioo 16 vinavyotazama bahari. Nilikuwa na mpini mpya, na maji nikavuta kwenye kisima cha pale pale uani. Saa tatu asubuhi vioo vilikuwa vinameremeta na mwenyewe nimeridhika. Saa sita mlinzi, mtu mzima, akanipigia simu: "Mwanangu, rudi uone. Vioo vimeota ukurutu." Nikarudi. Kila tone lilikauka likaacha duara jeupe, pembeni zito na katikati jepesi, na ukipitisha ukucha unahisi mkwaruzo. Niliviosha vyote upya kwa mkono, kwa siki na kitambaa, nikiwa juu ya ngazi ya kuazima, hadi magharibi. Malipo yalikuwa yale yale. Nilipokuja kupata kipimo nikarudi kukipima kisima kile: 1,140.

Kwa hivyo ukishakuwa na kipimo, zunguka nacho. Pima mfereji wa nyumbani, kisima cha jirani, maji ya mtungi, maji ya mvua. Andika kila namba na tarehe yake. Maji ya mfereji hapa mjini hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na ukilinganisha na visima vyetu vya karibu na pwani ni matamu. Lakini matamu kwa ulimi si matupu kwa kioo. Bahari yenyewe ina kama 35,000 ppm, na kisima cha karibu nayo kikivutwa sana maji ya chumvi huingia chini kwa chini, namba ikapanda mwezi hadi mwezi. Usinunue mtambo wowote kabla hujaijua namba ya maji utakayoyatumia.

Hatua ya 2: Tafuta maji matupu ya bei rahisi

Kuna mawili ya karibu bure, na wengi huyapita bila kuyaona.

La kwanza ni mvua. Wakati wa masika, na mwezi wa tano ndio mvua yenyewe, paa la bati na pipa lenye kifuniko vinaweza kukulisha wiki nzima. Acha mvua ya mwanzo ipite chini, dakika kumi au robo saa, kwa sababu inashuka na vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Kisha kinga. Paa la makuti halifai, maji yake hutoka na rangi ya chai.

La pili ni maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi. Yale ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, hayajagusa ardhi, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha. Nyumba yenye viyoyozi vinne vinavyokesha inaweza kujaza ndoo kadhaa, na kwa kawaida yanamwagwa tu kwenye maua. Zungumza kwa adabu na msimamizi wa nyumba, mwachie mtungi wako. Yapitishe kwenye kitambaa kizito kuondoa uchafu, kisha pima. Mimi yalinivusha miezi yangu miwili ya mwanzo.

Ukiishiwa na haya, nenda kwenye maduka yanayochuja na kuuza maji ya kunywa kwa mtungi. Nenda na kipimo chako mfukoni. Baadhi yao huongeza madini mwishoni ili maji yawe na ladha, na hayo hayakufai. Omba ujaziwe kabla ya hapo.

Hatua ya 3: Mtambo wako mwenyewe, na hesabu ya resini

Wateja wakifika sita au saba wa kudumu, kununua maji kunaanza kuuma. Hapo ndipo unapofikiria mtambo wa RO, ule wa kusukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando mwembamba na chumvi ibaki nyuma. Si lazima uwe mkubwa. Mitambo midogo ya jikoni inatosha kuanzia. Maji hupita kwanza kwenye kichujio cha tope, kisha cha mkaa, kisha kwenye utando. Usiuruke ule wa mkaa: unaondoa klorini ya maji ya mfereji, na klorini huula utando.

Mambo mawili ya kuangalia dukani. Mitambo mingi ya nyumbani ina kichujio cha mwisho cha kurudisha madini, kwa ajili ya wanywaji. Kitoe, au unywe hasara. Na mtambo ulioandikwa galoni 75 kwa siku maana yake ni lita 284 kwa saa 24, tena ukiwa na msukumo mzuri. Tangi lililo juu ya paa la ghorofa moja halina msukumo huo, kwa hivyo chagua wenye pampu yake ndogo ya umeme. Uuache ujaze usiku kucha. Kumbuka pia kwamba kwa kila lita nzuri, mitambo hii humwaga lita tatu hivi za chumvi zaidi. Yadekie ua au yafulie. Usiyamwagilie mboga kama chanzo chako ni kisima.

Baada ya RO ndipo inakuja resini, punje ndogo kama mayai ya samaki, zinazokamata chembe zilizobaki hadi kipimo kisome 0. Nunua ya mchanganyiko, yenye aina zote mbili kwenye chombo kimoja: inayokamata chembe zenye chaji chanya na inayokamata zenye chaji hasi. Na hapa shika kalamu, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwa makadirio ya kikazi, lita moja ya resini hubeba gramu 20 hivi za madini, kisha imekufa. Maji ya 800 ppm yana gramu 0.8 kwa lita. Gawanya: lita moja ya resini itakupa lita 25 tu za maji. Hayo hayaoshi hata nyumba moja. Sasa yapitishe kwanza kwenye RO inayoondoa asilimia 95. Yanashuka hadi 40 ppm, na lita ile ile ya resini inakupa lita 500. Ya mvua yenye 20 ppm yanakupa lita 1,000. Yeyote atakayekuuzia chombo cha resini peke yake bila kukuuliza namba ya maji yako, mwondokee.

Resini ikikaribia kufa namba haipandi taratibu, huruka. Leo 0, kesho 60. Ukisikia maji yananuka kama shombo la samaki, si soko la jirani, ni resini yako imekwisha. Itunze ikiwa na unyevu kwenye chombo kilichofungwa, maana ikikauka inaharibika.

Na neno la uchungu: muuzaji mmoja aliniuzia mtambo wa kulainisha maji, ule unaotiwa chumvi ya mawe, akaniapia kwamba ndio wenyewe. Nikapima maji yanayoingia na yanayotoka, namba ikawa ile ile. Mtambo ule hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu basi, haupunguzi kitu. Unafaa kwa kufulia. Kwa kioo utakuachia madoa yale yale.

Hatua ya 4: Pampu na kubeba

Hapa usitumie pesa nyingi. Pampu ya mgongoni ya betri, ile ya wakulima ya lita 16 au 20, inatosha. Kuinua maji mita 10 kunahitaji msukumo wa baa moja tu, na pampu hizi zina zaidi ya hapo. Iwe mpya. Iliyowahi kutiwa dawa ya shamba usiiguse, hata ukipewa bure.

Lita 20 ni kilo 20 mgongoni, na dirisha la kawaida hula lita moja na nusu hadi mbili. Kwa hivyo mimi siivai. Naiweka chini kwenye kivuli, naunganisha mpira mwembamba wa mita 20 na pampu naijaza tena kutoka mitungini. Mitungi ya lita 20 ni bora kuliko pipa: inaingia kwenye tuktuk, na mwenzangu aliyeko Lamu huipakia juu ya punda, miwili huku miwili kule. Iwe ya rangi nzito au ifunike, maji yakipigwa na jua huota ukijani.

Hatua ya 5: Sasa mpini na brashi

Nyumba nyingi za hapa haziendi juu ya ghorofa moja. Mpini wa mita 5 au 6 unakutosha mwaka mzima. Wa kaboni ni mwepesi na bei yake ni ya kulia. Wa alumini wa wapaka rangi ni rahisi, lakini hunyonga mkono na hupitisha umeme. Kaboni nayo hupitisha. Chukua wa faibaglasi, na hata huo ukishalowa usiuamini: kabla ya kuinua chochote tazama juu, na palipo na waya wa umeme ndani ya mita tatu, dirisha hilo liache. Nimeacha madirisha mengi hivyo, na mteja nikamweleza kwa nini.

Dukani uvute mpini wote hadi mwisho, uushike umenyooka kwa dakika nzima. Mkono utakwambia. Kisha angalia vibanio: vina skrubu inayofunguka? Mchanga na chumvi vitavila, na kibanio kisichobadilishika kinakulazimu kununua mpini mwingine.

Brashi iwe nyepesi, ya nailoni isiyo ngumu, upana wa sentimita 25 hadi 30. Ile ya kuoshea magari inayopitisha maji katikati inafaa kuanzia. Yapeleke maji kwenye matundu mawili ya milimita 2 hivi, yatoke kwa mshale. Madirisha ya luva sikushauri, maji yote yanaingia kwenye makochi ya mwenye nyumba. Hayo yaoshe kwa mkono.

Hatua ya 6: Jaribu kwako kwanza

Chagua kioo kinachotazama bahari, kama unacho, kipindi cha kusi kikiwa na utando wa chumvi. Pima maji, yasome chini ya 10. Sugua fremu ya juu kwanza, subiri iache kudondoka, kwani uchafu wa pale ndio unaochora mistari meupe. Sugua kioo. Kisha suuza kutoka juu kwenda chini, na kama hakijawahi kuoshwa hivi, rudia kusuuza mara ya pili. Usikiguse tena.

Nenda zako. Rudi saa kumi jioni, jua likiwa limelala upande, usimame pembeni ya kioo na si mbele yake. Ukiona duara moja jeupe, pima tena maji yaliyobaki mtungini kabla ya kumpigia mteja yeyote.