Jinsi ya Kutoa Maoni Bungeni kuhusu Mswada wa Usalama wa Mitandao

Julai 2023, mfumo wa eCitizen ulipolemewa na shambulio la mitandaoni, wengi wetu hapa Nairobi tulikwama tukitafuta huduma za serikali. Mswada wa kuzuia mashambulizi kama hayo ukifika Bungeni, Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge limshirikishe mwananchi, nawe usiiache nafasi hiyo ikupite.

Usome mswada wenyewe, si vichwa vya habari, ukiulinganisha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kazi kubwa iko kwenye vifungu vinavyoruhusu idara za usalama kubadilishana taarifa. Ukikuta maneno "taarifa yoyote inayohitajika", jiulize ni nani anayeamua kwamba inahitajika, itahifadhiwa kwa muda gani, na nani ataikagua. Usiishie kupinga, pendekeza maneno mbadala, kwa mfano "taarifa zilizotajwa katika agizo la mahakama, zitakazofutwa baada ya siku 90". Tegemeza hoja yako kwa Kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha ya mawasiliano, na cha 24, kinachoweka masharti ya kupunguza haki. Jiji lililoomboleza ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998, na tena magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, linahitaji ujasusi unaoshirikiana, nami sina shaka na hilo, ila ujasusi huo lazima uwe na mipaka iliyoandikwa.

Maoni yaliyotiwa saini yamfikie Karani wa Bunge la Taifa kabla ya tarehe iliyotangazwa gazetini, nawe ubaki na nakala.