Jinsi ya kuizunguka Kigoma na Ujiji kwa miguu, wewe na mwenzio

Anzeni asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, pale stesheni ya reli. Jengo la Mjerumani lile, reli yenyewe ilifika Kigoma 1914. Simameni kidogo hapo mbele muangalie ziwa Tanganyika, msikimbilie picha.

Ukiwa mitaa ya bandarini mwambie mwenzio habari ya Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha vitani 1916, ikaja kuibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Mi nikiiwaza nasisimka kila mara.

Kwenda Ujiji msitembee, ni mbali, pandeni daladala. Mkishuka ndo mguu uanze, viatu viwe vya kukanyaga vumbi. Makumbusho ya Livingstone ipo chini ya miembe, hapo ndo Stanley alimkuta 1871, lipieni kiingilio mchukue mtu wa kuwaongoza maana bila maelezo mtaona jiwe tu. Alafu shukeni mpaka ufukweni mkawaone mafundi wa mitumbwi, usiwapite haraka hawa, fundi anachukua pamba anaisokota kwa vidole anaisukumia kwenye mwanya kati ya mbao mbili, gonga gonga taratibu mpaka mwanya unapotea. Ombeni ruhusa kwanza kabla ya kupiga picha, salimieni, "shikamoo mzee" inafungua mengi.

Mchana kuleni samaki wa ziwani, migebuka ya mawese, na ugali wa muhogo, sahani moja mle wote. Jioni rudini Kigoma mjini, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo.