Tona imekuharibia rangi? Usikimbilie blichi

Tona ni rangi nyepesi inayopakwa baada ya blichi ili kurekebisha rangi ya nywele. Ikienda kombo, usiipime rangi nywele zikiwa mbichi, maana maji huifanya ionekane nzito zaidi. Kausha kabisa, simama kwenye mwanga wa jua, ndipo utazame zimegeuka nini. Kila rangi ina dawa yake.

Zambarau au kijivu ndilo kosa jepesi kuliko yote. Nywele zilizopitishwa blichi, hasa kwenye ncha, hunywa rangi kwa pupa. Osha kwa shampuu kali ya kuondoa mabaki ya mafuta na jeli, kwa maji ya uvuguvugu, povu likae dakika 3 hadi 5. Suuza, rudia mara moja, kisha kondishona nzito dakika 15. Ikibaki kidogo, iache. Itapungua kila unapoosha.

Kijani hutokea tona yenye buluu ikipakwa juu ya manjano. Ni hesabu ile ile ya rangi za maji za shule. Anza na shampuu hiyo hiyo. Kisipotoka, chukua rangi isiyo ya kudumu ya shaba, kijiko 1 cha chai kwenye mililita 100 za kondishona nyeupe, ujaribu kwanza kwenye kishungi kimoja cha kisogoni. Ukizidisha utapata kahawia.

Chungwa ndiyo inayowatoa watu machozi, na mara nyingi tona haina hatia. Tona haing'arishi nywele, inafunika tu. Zambarau huua manjano, buluu huua chungwa. Kwa hiyo tona ya zambarau juu ya nywele za chungwa ni pesa iliyomwagwa. Tafuta yenye buluu, uichanganye na developa, yaani peroksidi ya kuamsha rangi, ya asilimia 6 (chupani huandikwa 20). Tona nyingi huenda sehemu 1 kwa 2, yaani mililita 30 kwa 60, lakini karatasi ya ndani ya boksi ndiyo inayoamua. Kila dakika 5 futa kishungi kimoja kwa taulo uone ilipofika. Utapata kahawia au karameli. Blondi nyeupe haiji mpaka blichi ifikishe nywele kwenye manjano hafifu ya upande wa ndani wa ganda la ndizi, na hiyo si kazi ya leo.

Mizizi ikiwa ya manjano na ncha kijivu, usipake kichwa kizima. Zipake ncha kondishona kuzikinga, tona iende kwenye mizizi peke yake.

Kabla ya blichi yoyote ya pili, lowesha unywele mmoja na uuvute taratibu. Ukirefuka kama lastiki iliyochoka bila kurudi, au ukikatika, ni kondishona tu kwa wiki kadhaa. Aliyewahi kupaka hina iliyotiwa viambato vingine au piko asiiguse blichi nyumbani kabisa: baadhi zina chumvi za madini, na zikikutana na developa nywele hupata moto na kukatika.