Mvule: usiupande peke yake, usiukate ukiwa mchanga

Ubao wa mvule ukitoka kwenye msumeno ni wa manjano. Uuache hewani majuma machache, unageuka kahawia, rangi ile tunayoijua kwenye milango na makabati. Kiini chake mchwa hawakiwezi, hakiozi upesi kwa maji, na kikikaushwa vizuri hakipindi ovyo. Ndiyo maana mafundi wa milango na wa majahazi wameutegemea miaka yote.

Lakini sifa hizo ni za kiini tu. Chini ya gome kuna sehemu nyeupe, upana wa vidole vitatu au vinne, na hiyo bungua na mchwa wanaila. Mkulima anayeangusha mvule wenye unene wa paja ameuza weupe mtupu, na inauma kuona mti wa namna hiyo ukigeuzwa nguzo za banda. Uache ukomae, miaka 50 au zaidi.

Wakati wa kupasua, mwambie fundi atazame: ndani ya gogo mara nyingine kuna chokaa iliyoganda ikawa jiwe, na meno ya msumeno huisha hapo. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, basi ajifunge kitambaa.

Kuhusu kupanda, kosa kubwa ni kujaza shamba zima mivule mitupu kwenye jua kali. Kuna mdudu mdogo sana anayetaga kwenye machipukizi. Utaona ncha ya mche imevimba vinundu vya kijani. Vikipasuka, ncha inaoza na mche unadumaa au unakufa. Kata ncha hizo mapema, vinundu vikiwa bado vimefumba, uzichome. Bora zaidi, ichanganye miche na migomba, kahawa na miti mingine, mche hadi mche mita 10 au zaidi.

Mbegu okota kwenye matunda mabivu yaliyoanguka. Yaloweke, yaponde, osha mbegu, anika kivulini na uzisie mapema, kwani hazikai muda mrefu. Huota kwa wiki mbili au tatu.

Kabla ya kukata, hata shambani mwako, ulizia kibali kwa ofisa misitu wa wilaya. Na kumbuka mvule una dume na jike: matunda hutoka kwa jike tu, na popo ndio wanaosambaza mbegu zake. Ukivuna, mbakize jike mmoja aliyenyooka, na dume asiwe mbali naye.