Kubadilisha Prosesa kwenye Ubao Mama wa Zamani: Mwongozo kwa Wenye Kompyuta wa Lamu

Kompyuta nyingi za mezani ninazoletewa hapa Lamu, kutoka maofisini, madrasani na katika maduka ya kuchapisha nyaraka, zilitumika kwanza ng'ambo kabla ya kufika Mombasa na kuvushwa kwa boti kutoka Mokowe. Mwenyewe hulalamika kwamba mashine imekuwa nzito, ilhali ubao mama wake, yaani bamba linalounganisha vipuri vyote, ni mzima kabisa, ila umefungwa prosesa (kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta) ya daraja la chini kuliko ile unayoweza kuibeba. Mashine ya namna hiyo haistahili kutupwa. Inaweza kupewa prosesa yenye kasi zaidi, mradi fundi aanze kuuchunguza ubao, wala si kuvutiwa na prosesa aliyoiona dukani. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kisiwani kwetu kipuri kisichofaa hakirudishwi jioni ile ile. Ni safari ya boti na basi hadi Mombasa, au siku kadhaa za kungoja kifurushi.

La kwanza kulijua ni soketi, yaani mahali prosesa inapokalia juu ya ubao. Kampuni ya Intel ilitoa LGA 775 mwaka 2004, LGA 1155 mwaka 2011, LGA 1150 mwaka 2013 na LGA 1151 mwaka 2015, na tarakimu hizo ni hesabu ya vipini vilivyomo ndani ya soketi. Prosesa ya LGA 1150 haiwezi kukaa kwenye LGA 1155, ingawa kwa macho zinakaribia kufanana.

Hata hivyo, soketi kulingana hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Chipuseti ya ubao, yaani kipande kinachosimamia mawasiliano ya prosesa na vipuri vingine, nayo lazima iitambue prosesa. Chukua mfano wa LGA 1155, ambayo ilibeba vizazi viwili vya prosesa: cha pili cha mwaka 2011 na cha tatu cha mwaka 2012. Ubao wenye chipuseti ya Q77 hupokea vizazi vyote viwili, na wa H61 hukipokea cha tatu pale BIOS yake (programu ndogo iliyomo kwenye ubao inayoiwasha mashine) inaporuhusu, lakini mbao za Q65, Q67 na B65 zilikusudiwa kizazi cha pili tu. Vivyo hivyo, prosesa za kizazi cha nane zinaingia kwenye soketi inayoitwa LGA 1151, lakini mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha sita na cha saba haziziwashi. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza i5 ya kizazi cha tatu (Intel hupanga prosesa hizi kwa madaraja ya i3, i5 na i7, kutoka chini kwenda juu) kwa ajili ya ubao wa Q65 bila kuuliza zaidi ya soketi; ilikaa vizuri, feni ikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi. Tangu siku hiyo siagizi kitu kabla ya kufungua programu ya CPU-Z, kuandika jina la ubao, chipuseti na toleo la BIOS, kisha kulinganisha na orodha ya prosesa iliyotolewa na mtengenezaji wa mashine yenyewe.

Orodha ikishapatikana, uchaguzi huwa mwepesi. Mtu mwenye i3-3220 ya kizazi cha tatu, yenye viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) na kasi ya GHz 3.3, akitazama kasi peke yake atadhani i5-3470 ya GHz 3.2 ni kurudi nyuma. Sivyo, kwa kuwa i5 hiyo ina viini vinne na hujipandisha hadi GHz 3.6 kazi inapokuwa nzito. Ile i7-3770 huendesha nyuzi nane za kazi, yaani mikondo minane kwa wakati mmoja, na kufika GHz 3.9, na faida yake huonekana kwa mwenye kuhariri video au picha kubwa. Kwa barua na hesabu za duka, i5 inatosha kabisa. Ila tazama wati: i3 hiyo imekadiriwa wati 55, na hizo mbili nyingine wati 77 kila moja, kwa hiyo kipozajoto chembamba kilichokuja na i3 huenda kikazidiwa.

Nami siwezi kumficha mtu ukweli huu: ikiwa mashine ina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya kuzunguka, aanze kwa kuongeza RAM na kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, kwa maana prosesa mpya itakaa ikiisubiri diski. Pia ajue kwamba Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine hizi mimi hupendekeza Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

BIOS isasishwe wakati prosesa ya zamani ingalimo, kwa kuwa ile mpya huenda isiwake kabisa mpaka BIOS iitambue. Kazi hii isifanywe bila UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme unapokatika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, ubao unaweza kufa, na mtu anayeishi Lamu hahitaji kuelezwa jinsi umeme unavyokatika.

Siku ya kazi, iwashe mashine kwa dakika kumi ili pesti iliyokauka, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozajoto, ilainike, kisha izime, chomoa waya wa umeme, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Legeza skrubu za kipozajoto kwa kupishana pembe kwa pembe, kizungushe kidogo kulia na kushoto, ndipo ukiinue. Usikivute kwa nguvu, hasa kwenye mbao za zamani za prosesa za AMD, kampuni inayoshindana na Intel, ambako prosesa yenyewe ndiyo yenye vipini na inaweza kung'oka pamoja nacho. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti ya isopropili. Nyumba zetu za mawe na chokaa hudondosha vumbi jeupe linaloziba mapezi ya kipozajoto, na upepo wa bahari huleta chumvi. Basi piga brashi kila mahali, na ukiona kutu ya kijani karibu na soketi, simama uichunguze kabla ya kuendelea.

Inua wenzo wa soketi, itoe prosesa kwa kuishika kingo, na ile mpya uilinganishe kwa pembetatu ndogo iliyo pembeni na vipengo vya ubavuni. Iteremshe wima, iachie, usiisukume. Jasho la vidole lisiguse sehemu za dhahabu, na kitu chochote kisiangukie ndani ya soketi, kwani kipini kimoja kikipinda chaweza kuangusha kazi yote. Ukishafunga wenzo, weka pesti mpya ukubwa wa punje ya mchele katikati, rudisha kipozajoto, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, na usisahau waya wa feni.

Skrini ikibaki nyeusi, zima, itoe betri ya CR2032, ile ya duara iliyo kwenye ubao, kwa dakika chache ili mipangilio ya BIOS ifutike, kisha jaribu tena. Ikiwaka, ingia kwenye BIOS uhakikishe jina la prosesa, halafu uipe kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto. Likipita nyuzi 85, kipozajoto hakikukaa sawa au hakitoshi. Ukifanya kazi hii wakati wa kusi, rudia kipimo hicho mwezi wa Machi, joto la kaskazi linapokuwa limefika kilele. Prosesa ya zamani itie kwenye kibweta chake, uifunge kwa utepe ndani ya kasha la mashine ile ile, ili siku ubao ukigoma uwe na ya kujaribia bila kungoja boti.