Tazama chini: namna ya kusaka vibao na nguzo za zamani za barabara kuu ukitokea Dar

Anayetafuta vibao vya zamani vya barabara kuu mara nyingi hutazama juu, kwenye mabango makubwa yenye majina ya miji. Huko atachoka bure. Bango la bati au alumini lina maadui watatu: jua, mkandarasi wa upanuzi na muuza vyuma chakavu. Huyu wa tatu hana likizo. Kinachopona ni zege. Jiwe la maili au nguzo ya kilomita ina nondo chache nyembamba ndani yake, na hazilipi jasho la kuivunja. Kwa hiyo macho yawe chini, kwenye ukingo wa mtaro, kimo cha goti, na hasa pale ambapo magari hayapiti tena.

Ndani ya jiji usipoteze siku. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kilipopanuliwa kuwa njia nane, kilomita 19 hivi, kila kilichosimama pembeni kiling'olewa. Ubungo ndiyo usiseme, na njia za mwendokasi zimechimbwa mpaka ukutani mwa maduka. Dar imebaki na majina tu: bado kuna wanaosema Barabara ya Pugu kwa Barabara ya Nyerere, na mzee wa Kawe hawezi kukuambia Mwai Kibaki kabla hajasema Bagamoyo ya zamani. Majina ya vituo nayo yana kumbukumbu. Maili Moja ya Kibaha, Maili Mbili ya Dodoma na Maili Sita ya Moshi ni majina ya enzi za mawe ya maili. Ukifika mahali penye jina la namna hiyo, shuka uulize jina limetoka wapi.

Zamani ipi?

Kuna tabaka tatu, na usipozijua utapiga picha mia zisizokuwa na maana. Ya chini kabisa ni ya maili, ya wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Ya pili ni ya kilomita, pamoja na namba za herufi A na B ambazo barabara za Afrika Mashariki zilikuwa nazo: A7 ya Dar kwenda Morogoro na Iringa, A14 ya Chalinze kwenda Tanga hadi Horohoro, B1 ya Segera kwenda Moshi, B2 ya kusini, na A104 kutoka Namanga kupita Arusha, Dodoma na Iringa hadi Tunduma. Namba hizo hazikujali mpaka. A14 iliendelea Lunga Lunga mpaka Mombasa kwa namba ileile, na A104 iliendelea Nairobi hadi Malaba, mpaka Kenya ilipopanga upya namba zake mwaka 2016. Tabaka ya tatu ni ya namba za herufi T, zinazotumika sasa: T1 ya Dar–Tunduma, T2 ya Chalinze–Arusha–Namanga, na wenzake.

Hapa wageni huteleza. Wanaona A7 kwenye ramani ya karatasi au kwenye simu, wanategemea kuiona barabarani. Kwetu namba haijawahi kuwa kitu cha watu. Hakuna konda anayeita abiria wa T1. Anaita Moro, Iringa, Mbeya. Basi ukikuta herufi A au B na namba yake kwenye kibao au nguzo, umepata kitu adimu kuliko jiwe la maili lenyewe.

Kutofautisha maili na kilomita pale namba ilipo peke yake, fanya hesabu. Zidisha kwa 8, gawanya kwa 5. Nguzo iliyo karibu na Morogoro ikisomeka 120 upande wa Dar, hiyo ni maili, kwa sababu 120 mara 8 ni 960, gawa kwa 5 ni 192, na ndio umbali wenyewe kwa kilomita. Ingekuwa kilomita 120, ungekuwa bado hujaiacha Chalinze mbali. Ukiwa ndani ya basi tumia saa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha basi, nguzo za kilomita hupishana kila sekunde 45 na mawe ya maili kila sekunde 72. Hesabu matatu mfululizo, usitegemee mawili, kwa sababu moja katikati huwa limeanguka.

Majina nayo hutoa umri. Kibao chenye TANGANYIKA kama jina la nchi hakiwezi kuwa kipya kuliko 1964. Kikielekeza N. RHODESIA, yaani Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, vivyo hivyo. ABERCORN ni Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka kule Sumbawanga. Dar-es-Salaam yenye vistari ni dalili ya ukale ila si ushahidi, maana wapo wanaoiandika hivyo hadi kesho.

Pa kwenda

Barabara mpya haifuati ya zamani hatua kwa hatua. Hunyoosha kona na kuhamisha madaraja. Kila kona iliyonyooshwa huacha kipande cha lami chakavu porini, na hapo ndipo mkandarasi hakuwa na sababu ya kung'oa kitu. Wami, kati ya Chalinze na Segera, ni mfano mzuri: daraja jembamba la 1959 lilikuwa likipitisha gari moja kwa zamu, na mteremko wake ulitisha madereva, kisha likajengwa jipya refu pembeni. Njia ya zamani ya kushukia mtoni ndiyo ya kutembea kwa mguu. Kusini ipo Rufiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya Lindi na Mtwara yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, kwa hiyo kuna njia iliyokwenda kivukoni na siku hizi haina msafiri.

Vipande vingine utavipata nyumbani kabla ya kutoka. Fungua picha za setilaiti, fuata barabara polepole, tafuta mstari mwembamba unaoiacha lami na kuirudia baada ya mita 200 hadi 800, kama upinde na uzi wake. Linganisha na ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, mfululizo wa Y742, ambazo nyingi zilichorwa kabla barabara hazijanyooshwa. Dalili za ardhini ni mistari miwili ya miti mikubwa iliyopandwa ambayo leo haielekei popote, na kalvati la mawe lililokaa peke yake kwenye shamba la mihogo.

Msimu ni nusu ya kazi. Baada ya masika nyasi hupita kimo cha mtu na hutaona hata ng'ombe. Nenda Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka, zimefyekwa au zimeungua.

Kukaa dirishani

Basi ni zuri kwa kupeleleza, si kwa kupiga picha nzuri. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kata tiketi ya dirishani upande wa mlango, siti za mbele, na muulize wakala kama kioo kina tinti kabla hujalipa. Kwa mwendo wa 80 unapita mita 22 kila sekunde, hivyo nguzo utaiona kwa sekunde mbili tatu. Usijaribu kubonyeza kila inapotokea. Rekodi video, simu ikiwa imegusa kioo kabisa ili kisirudishe mwangaza wa ndani, na GPS ikiwa imewashwa. Ukitumia kamera, weka kasi ya shata 1/1000. Hapo basi linasogea sentimita mbili tu picha ikipigwa, na namba itasomeka. Kwa 1/125 utapata mstari mweupe usio na faida.

Halafu urudi kwa gari dogo au bodaboda pale video ilipokuonyesha kitu. Gari liegeshwe nje ya lami kabisa, taa za hatari ziwake, pembe tatu ziwekwe mbele na nyuma. Usisimame kwenye kona eti kwa sababu ndipo nguzo ilipo. Egesha ng'ambo ya kona, tembea.

Ukiwa mbele ya nguzo

Usianze kukwangua. Kwanza piga picha ilivyo, pande zote, pamoja na moja ya mbali inayoonyesha barabara ilipo. Nguzo nyingi za kilomita zina herufi za mji na namba, upande mmoja mji unaokwenda na upande wa pili mji unaotoka, kwa hiyo upande unaoelekea porini nao unaweza kuwa na maandishi. Ikiwa fupi isivyo kawaida, usidhani imevunjika. Lami huongezwa tabaka juu ya tabaka, na tuta la barabara hupanda huku nguzo ikibaki chini. Namba inaweza kuwa futi moja ardhini. Ondoa udongo kwa mkono, upande mmoja tu, kisha uurudishe, maana nguzo iliyochimbwa huanguka mvua ya kwanza.

Maandishi yaliyofifia ni ya aina mbili. Yaliyochorwa kwa rangi yakishafutika yamekwenda, ingawa mahali palipokuwa na rangi zege huwa laini kuliko pembeni, na ukilowesha kwa kitambaa chenye maji tofauti hiyo huonekana kwa dakika moja hivi kabla haijakauka. Yaliyochongwa au kumwagwa pamoja na zege hayafi. Yamefunikwa na chokaa cha miaka. Hapo unataka mwanga wa ubavuni. Jua la saa 1 hadi 2 asubuhi au saa 11 jioni linatosha, na mchana shika tochi ubavuni mwa nguzo, karibu ilale kwenye uso wa zege, uizungushe polepole. Utaona tarakimu zinainuka zenyewe kwa kivuli. Unga, chaki na brashi ya waya viache nyumbani: unga huvuta unyevu na kuotesha kuvu, waya hula kona za herufi.

Kwa kibao cha bati jaribio ni flashi. Piga picha ya flashi ukiwa hatua kumi. Karatasi akisi za kisasa, zile zinazorudisha mwanga, hung'aa kibao chote, na ukisogea utaona vipande kama sega la nyuki. Rangi ya kawaida haing'ai kabisa. Ukiona vitone vya mwanga vimefuata umbo la herufi tu, hivyo ni vifungo vya kioo, na kibao hicho ni cha zamani kwelikweli. Umbo pia linasema: pembetatu nyekundu iliyo tupu katikati, imekaa juu ya kibao cha mstatili chenye mchoro mweusi, ni mtindo wa Uingereza wa kabla ya 1965.

Ndugu wa uongo

Makosa mengi yanatokea hapa. Barabara ya Dar hadi Tunduma ina jamaa wengi wa zege na chuma wasiohusika na barabara. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi 1968, lina alama zake. Mkongo wa mawasiliano una vijiti na viguzo vyake. TANESCO huandika namba kwenye nguzo za umeme, na reli ya TAZARA na ile ya Kati zina nguzo zao za kilomita ambazo wakati mwingine zinaonekana ukiwa barabarani. Halafu kuna bikoni za wapima ardhi, fupi, na alama za mpaka wa hifadhi ya barabara. Hizi za hifadhi ndizo zinazodanganya zaidi kwa kuwa ni za barabara kweli. Zitambue kwa umbali: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati, na kabla ya sheria ya 2007 ilikuwa mita 22.5. Nguzo ya kilomita hukaa karibu na bega la barabara. Iliyo mbali hivyo inahusu ardhi, haihusu safari. Ila kwenye njia iliyohama kanuni hii inageuka, kwa hiyo jua kwanza barabara ya zamani ilipita wapi.

Ruhusa na salamu

Karibu na nyumba za watu usiingie na kamera shingoni ukipima pima. Tangu enzi za alama za X ukutani, mtu anayepima umbali kutoka barabarani huleta wasiwasi wa bomoabomoa. Salimu kwanza, jieleze, na uliza habari za njia kabla ya kutaja kibao, kwa sababu jiwe watu hulisahau ila njia hawaisahau:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Asante. Samahani, hii barabara kabla haijawekwa lami hii mpya, ilikuwa inapita wapi?”

“Ilipita kule kwenye ule mwembe, ikatokea palipokuwa kambi ya Wachina.”

Hapo umeshapata ramani. Kijijini, ukitaka kukaa zaidi ya nusu saa, pita kwa mwenyekiti wa kijiji. Usipige picha penye kambi za jeshi, Lugalo ikiwa ya kwanza, wala kwenye mizani na vizuizi vya polisi. Daraja linalotumika uliza askari aliyepo. Na usichukue kitu. Kung'oa alama ya barabara ni kosa kisheria hata kama imelala mtaroni, na ukikamatwa nayo kwenye buti maelezo yako yatafanana sana na ya muuza vyuma chakavu.

Andika papo hapo: maandishi yote yanavyosomeka pamoja na makosa yake, upande wa barabara, uelekeo wa kila uso, kimo juu ya ardhi, umbali kutoka ukingo wa lami, na GPS. Namba ya nguzo inayofuata na iliyotangulia ziandikwe pia, kwani nguzo huhamishwa, hupakwa rangi upya na fundi asiyejali, na majirani zake ndio wanaomuumbua.

Anayetaka kuzoesha jicho kabla ya kupambana na nyasi za Wami avuke Unguja. Mjini kuna nguzo ya marumaru yenye pande nane, marumaru yenyewe ikitoka kasri la Chukwani, iliyoandikwa umbali kwa maili hadi miji ya kisiwani na hadi London: 8,064. Ukipima kwa rula kwenye ramani utasema fundi alikosea. Hakukosea, alihesabu njia ya meli kupitia Suez.