Jinsi ya kuusoma udongo mwekundu wa msituni Usambara Mashariki kabla hujafyeka wala kupanda

Wadau habari zenu. Nimeona maswali mengi ya watu waliopata maeneo huku juu upande wa Amani, wengi wanauliza kitu kile kile: eneo lilikuwa msitu mnene, miti inafika mita 40 na zaidi, nimesafisha nikapanda mahindi, mwaka wa kwanza yakatoka vizuri, mwaka wa pili majani yanakuwa ya zambarau na mmea umedumaa, tatizo nini? Mbegu? Duka limeniuzia mbolea feki? Mara nyingi wala sio hayo, ni udongo wenyewe, na ungeusoma mapema usingeingia gharama. Kuusoma sio lazima uwe umesoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), unahitaji jembe, sururu, panga, futi kamba, chupa ya maji, mifuko ya plastiki na vile vikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa), basi.

Kwanza elewa unashughulika na nini. Milima hii sio ya volkano kama Kilimanjaro au Meru ambako majivu ya zamani yanaurutubisha udongo. Huku ni miamba ya gneisi ya kale mno, imeoza mamilioni ya miaka chini ya joto na mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Amani, kwa hiyo kalisiamu, magineziamu, potashi, vyote vimeoshwa vikashuka mtoni, kilichobaki ni mfinyanzi wa kaolini pamoja na oksidi za chuma na alumini. Hiyo chuma ndo inaleta wekundu. Wataalamu wanauita Ferasoli, na sehemu nyingine Akrisoli. Sasa msitu unanawirije juu ya udongo wa hivyo? Ni kama mtu wa genge anayezungusha mtaji ule ule kila siku: jani linaanguka, linaoza haraka, mizizi iliyo juu juu inalidaka kabla mvua haijalipeleka chini. Ukikata miti umechukua mtaji wote.

HATUA YA 1: Chagua pa kuchimba, na uwe na ruhusa

Usiingie ndani ya hifadhi ukaanza kuchimba. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997 na iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), ukikutwa na sururu mle utaeleza mpaka uchoke. Chimba shambani kwako, au tafuta mahali barabara imekata kilima, pale ukuta wa udongo uko wazi tayari, unakwangua tu na panga sentimita 20 hivi kwenda ndani upate sura mpya. Epuka bondeni na chini kabisa ya mteremko manake udongo wa pale umeletwa na maji kutoka juu, utakudanganya.

HATUA YA 2: Chimba shimo

Urefu mita moja na nusu, upana mita moja, kina mita moja au zaidi kama mgongo unaruhusu. Ukuta utakaousoma uelekee jua, na usikanyage juu ya ukingo wake. Udongo mweusi weka upande huu, mwekundu weka upande ule, USICHANGANYE. Wakati wa kufukia unaanza na mwekundu, mweusi unarudi juu. Watu wanapuuza hili halafu pale mahali panakaa miaka hapaoti kitu cha maana.

HATUA YA 3: Angalia tabaka

Juu kabisa utakuta majani makavu, mara nyingi ni tabaka jembamba kuliko ulivyotegemea kwa msitu mkubwa hivyo, kwa sababu kuoza ni kwa kasi. Chini yake kuna udongo mweusi au kahawia iliyokolea, una mboji, umejaa vijizizi kama wavu. Pima kwa futi unene wake. Hiki ndo kipimo muhimu kuliko vyote utakavyofanya siku hiyo, kwa hiyo pima sehemu tatu nne za ukuta, sio moja. Halafu rangi inabadilika taratibu, hakuna mstari, inakuwa nyekundu au njano-nyekundu na inaendelea hivyo hivyo mita na mita bila kukuta mwamba. Hesabu na mizizi: juu ni mingi kupindukia, ukishuka nusu mita unakuta michache tu minene. Miti yenyewe inakuonyesha chakula kiko wapi.

Kama huko chini ukivunja bonge unaona ngozi nyembamba inayong'aa kwenye nyuso zake, na mfinyanzi unaongezeka waziwazi kuliko juu, hapo unaelekea kwenye Akrisoli. Kama hakuna ngozi hiyo na bonge linasagika kuwa chembe chembe laini, ni Ferasoli. Kwa mkulima tofauti sio kubwa sana, songa mbele.

HATUA YA 4: Upime kwa mkono, ila usiwe na haraka

Chukua wa kujaa kiganja, lowesha, finyanga, jaribu kutoa utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapa ndo wengi wanaandika majibu ya uongo. Mwanzoni utahisi kama tifutifu, hata kamchanga kidogo, kwa sababu chuma imegandisha mfinyanzi kuwa vichembe vigumu. Endelea kufinyanga dakika kadhaa, ongeza tone la maji, vile vichembe vinavunjika na utaona unageuka mfinyanzi mzito unaotoa utepe mrefu. Sifa hii ina faida yake, vichembe vile vinaacha nafasi, maji yanazama haraka sana, ndo maana ndani ya msitu hata mvua ya masika ikipiga huoni maji mengi yakitiririka juu. Maji hayo yanatoka polepole kwenye chemchemi yanaingia mto Zigi, na wakazi wa Tanga mjini wanayanywa kupitia bwawa la Mabayani. Lakini ukiacha ardhi wazi matone yakapiga moja kwa moja, juu panajiziba, maji yanaanza kukimbia na tabaka jeusi ndo la kwanza kuondoka.

HATUA YA 5: Pima pH

Gramu 10 za udongo mkavu uliochekechwa, maji mililita 25, tumia ya mvua au yaliyokenekwa (distilled), sio ya bomba yenye dawa. Tikisa, acha nusu saa, chovya kikaratasi kwenye maji ya juu. Fanya kwa udongo mweusi na kwa mwekundu kila mmoja peke yake. Huku juu usishangae kuona chini ya 5, ukishuka kuelekea Muheza uchachu unapungua. Ikiwa chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka, na hiyo ni sumu kwa mizizi: inakuwa mifupi, minene, haichanganyi matawi. Fosforasi nayo inashikwa na chuma na alumini, ipo ila mmea hauipati, ndo ile zambarau kwenye mahindi. Chai haijali, yenyewe inapenda 4.5 mpaka 5.5 na inakunywa alumini bila shida, sasa unaelewa kwa nini mashamba makubwa ya huku ni ya chai. Wajerumani waliweka kahawa huku miaka ya 1890 wakiamini msitu mkubwa maana yake udongo tajiri, kahawa ikawashinda.

HATUA YA 6: Peleka sampuli maabara

Kikaratasi kinakupa mwanga tu. Pita shambani kwa zigizaga, chukua sehemu 15 hivi, kina sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, kausha kivulini, andika jina la eneo na kina. Fanya hivyo tena kwa 20 hadi 50. TARI Mlingano (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) wako hapo hapo Muheza na kazi yao ni udongo. Omba wapime pH, kaboni, fosforasi, potashi, kalisiamu na hasa alumini inayobadilishika (ile inayoweza kudhuru mizizi), hiyo ya mwisho usipoitaja unaweza kurudi bila jibu lake.

HATUA YA 7: Amua

Kama eneo bado lina miti, ushauri wangu usifyeke. Na ukipanda iliki chini ya miti ujue baada ya miaka inachoka, watu wengi huku walihamia mihogo baada ya hapo na udongo ukazidi kuisha. Kama limeshafyekwa, usichome mabaki. Majivu yanapandisha pH kweli, ndo siri ya yale mahindi mazuri ya mwaka wa kwanza, ila mvua mbili tatu nzito zinayaosha. Lundika mabaki kwenye mistari inayofuata kontua (inayokata mteremko kwa usawa), panda majani ya guatemala kwenye kingo, weka samadi shimoni badala ya kumwaga shamba zima. Fosforasi tumia ya Minjingu (mbolea ya mwamba wa fosfati), kwenye udongo chachu inayeyuka vizuri na bei inavumilika kuliko DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia. Ila usiiweke shimo moja na chokaa (ya kupunguza uchachu) kwa wakati mmoja, chokaa inaizuia kuyeyuka, chagua mstari upi unapata nini kwanza.

Kiasi cha chokaa ya kilimo fuata majibu ya maabara, mimi sitoi namba hapa maana mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kutofautiana sana. Na msimu wa kwanza acha mistari michache bila chokaa kabisa, mbegu ile ile, samadi ile ile. Ikifika mahindi kiunoni na huoni tofauti, acha kununua chokaa, shida yako iko kwingine.